Noti ya Kumi na Tisa

Chumba hakina dirisha. Kuta zimevikwa sponji la kijivu,
ukisema neno linakufia mdomoni.
Nje ni Oulu, Januari, saa tisa alasiri na taa za barabarani zimeshawaka,
theluji imemeza magurudumu ya baiskeli zilizosahauliwa.

Aulikki ameifundisha kompyuta kutunga.
Hakuifundisha harusi wala matanga.
Ameipa hesabu: baada ya sauti hii, mara nyingi hii,
mara chache ile,
na mara moja kwa mia, ile usiyoitegemea.
Ikamtolea vipande mia mbili na arobaini,
sekunde kumi na mbili kila kimoja,
vichanga visivyo na ukoo.
Hakuna aliyewahi kupenda huku vikipigwa,
hakuna aliyezika.
Ndiyo sababu anavitaka:
nyimbo za watu zimejaa alama za vidole.

Kazi yenyewe nyepesi. Vaa hedifoni, sikiliza,
sauti ikikushtua, bonyeza.

Tuomo, fundi wa lifti, alibonyeza
palepale hesabu ilipoagua kwamba atabonyeza.
Akavua hedifoni, akauliza taratibu:
“Huyu mtunzi, amefiwa?”
Alipoambiwa, alicheka,
kisha akaacha kucheka, akatafuta glavu zake
zilizokuwa mfukoni muda wote.

Halafu akaja Taimi Lehtovaara, miaka sabini na minne,
thelathini kati ya hiyo aliunganisha simu posta,
waya huku, waya kule, sauti za watu zikimpita kifuani.
Katika kipande cha themanini na nane
alibonyeza kwenye noti ya kumi na tisa.

Kipande kina noti kumi na nane.

Kosa la mkono, Aulikki akaandika,
safu ya vitu vya kutupwa.
Lakini usingizi ukamkataa.
Wiki iliyofuata akamwita tena, akavichanganya vipande kama karata.
Bibi akabonyeza. Kilekile. Mahali pale pale,
tofauti ya milisekunde arobaini.

“Ulisikia nini?”
“Ile ya mwisho. Ya chini.
Kama mtu anayevua viatu baada ya zamu.”
“Na ilikushtua nini?”
“Imechelewa,” akasema Taimi. “Nilidhani haiji.”

Wewe unayesoma, usimcheke. Nitegee sikio kidogo:

    Sauti zilipokoma, bibi katega makini,
    kidole kikasimama, kikangoja kitufeni,
    ikaja noti ya nyuma, ya kumi na tisa, chini,
    kama mtoto na mama, kamrudisha

Umelisikia, sivyo?
Sikuliandika. Kagua, wino haupo.
Pale penye weupe umetia neno,
tena umelipima, silabi tatu,
na mkia wake umeufunga kwa kina kinachostahili.
Basi nani katunga? Mimi nilishaweka kalamu chini.

Jioni hiyo Aulikki hakumfuta bibi.
Alifungua safu mpya kwenye jedwali, akakosa jina la kuipa,
akaiacha na kichwa kitupu.
Kisha akavaa hedifoni mwenyewe, akaketi kwenye kile kiti
ambacho hajawahi kukikalia,
akapiga cha themanini na nane.
Akakirudia.
Mtu wa usafi alipopita na ndoo yake alikuwa mara ya thelathini na kitu,
macho kafumba, kidole juu ya kitufe,
anasubiri.

Kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane.
Halafu ukuta.

Anajua mno kinapoishia.
Ni yeye aliyekikata.